Walii ni nani hasa, na asiyeswali anaweza kuwa walii?

SWALI (nimelifupisha, majina na mtaa nimeyaondoa): Assalam alaykum shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, kazi yangu kushona. Mume wangu ana kama miaka miwili anamfuata mzee mmoja ambaye watu wanamwita walii. Mzee haonekani msikitini hata siku ya Ijumaa, saa saba mchana unamkuta barazani kwake na wageni, wafuasi wanasema yeye anaswali Makka, mwili uko hapa roho iko kule. Mtoto wetu wa kati ana kifafa, alikuwa anatumia dawa za hospitali na anaendelea vizuri, mzee akasema zile dawa zinazuia baraka tuziache. Tumeacha. Sasa anaanguka kila wiki na juzi ameungua mkono kwenye jiko la mkaa. Mume wangu ameuza cherehani yangu akapeleke nadhiri kwa mzee. Nikifungua mdomo naambiwa Mungu mwenyewe amesema anayemfanyia uadui walii wangu mimi nimemtangazia vita, na kwamba mtoto anaanguka kwa sababu ya shaka iliyoko moyoni mwangu mimi. Shekhe naogopa. Hili neno walii maana yake nini, limetoka wapi, na je, nikikataa nitakuwa napigana na Mungu?

JIBU: Wa alaykum salam warahmatullahi wabarakatuh.

Mama, kabla ya neno walii na mambo ya vitabu, mtoto arudi hospitali. Leo, na kama ni usiku basi kesho asubuhi. Dawa za kifafa haziachwi ghafla namna hiyo, kuziacha ghafla kwenyewe kunaweza kuleta degedege lisilokatika na hilo linaua. Wala usimpe mwenyewe dozi ya zamani kwa kukisia, mpeleke kliniki ileile aliyokuwa anahudhuria waone waanzie wapi. Na kwa hili husubiri ruhusa ya mumeo, Mtume (saw) ametufundisha hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, na kumnyima mtoto tiba mpaka aungue kwenye jiko ni kumuasi Muumba, sidhani kama kuna shekhe mwenye akili zake atabishana na mimi hapo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana wanaokutisha wamelishika neno na wewe wamekuacha bila neno.

Walii limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa karibu na kitu, kikafuatana nacho bila kitu kingine kuingia kati. Kutoka kwenye ukaribu likapata maana ya kusimamia, kunusuru na kupenda, kwa sababu aliye karibu nawe ndo anayekusimamia mambo yako. Na wewe unaujua mzizi huu kuliko unavyodhani, kwa sababu Kiswahili chetu kimejaa watoto wake. Siku ulipoozeshwa aliyekaa akatoa idhini mbele ya shekhe aliitwa nani? Walii wako. Baba, au babu, au kaka. Hakuna aliyedhani kaka yako anatembea juu ya maji, alikuwa msimamizi wako tu. Wilaya ya Temeke unayokaa, hilo neno wilaya ni la humohumo, yaani eneo lililo chini ya msimamizi. Liwali wa enzi zile za pwani ni al-wali, mtawala. Utawala wenyewe umo. Na unapoinua mikono ukasema Ewe Mola wangu, Mola naye ni wa mzizi huo.

Ndo maana Qurani inalitumia neno hili kwa upana ambao watu wa mtaani kwenu hawajaambiwa. Kwanza linatumika kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwenye Baqara baada tu ya Ayatul Kursiy, kuwa Allah ndiye walii wa walioamini, anawatoa gizani kuwapeleka kwenye nuru. Kwa hiyo kabla hujatafuta walii kwenye baraza la mtu, mama, tayari unaye. Kisha sura ya Tawba aya ya 71 inasema waumini wanaume na waumini wanawake wao kwa wao ni mawalii, umeona, wanawake wametajwa wazi, jirani yako aliyekuja kukushikia mtoto wakati anaanguka amekuwa walii wako kwa maana ya aya hii. Na sura ya Nisaa aya ya 76 inataja mawalii wa shetani. Naam, na yeye anao. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani ni walii, usianze kumbusu mkono, kwanza uliza walii wa nani.

Mawalii wa Mwenyezi Mungu wametajwa kwenye sura ya Yunus aya ya 62, kwamba hawana khofu wala hawahuzuniki, na hapo ndipo wasomaji wengi wa mtaani wanapoikata kwa takbira na udi. Aya ya 63 haijasomwa bado! Inakuja mara moja kutwambia ni akina nani: ambao wameamini na wakawa wanamcha Mungu. Basi. Imani na taqwa. Hakuna kilemba humo, hakuna ukoo, hakuna ndoto aliyoiota mtu usiku wa kuamkia Ijumaa. Imamu Tahawi aliyefariki mwaka 321 Hijria akaliandika hili kwenye akida yake ambayo mpaka leo inasomeshwa, kuwa waumini wote ni mawalii wa Mwingi wa Rehema, na mbora wao mbele ya Allah ni yule mtiifu zaidi na anayeifuata zaidi Qurani.

Sasa limekujaje kuwa jina la watu wachache? Hilo lilikuja taratibu. Kwenye karne ya tatu ya Hijria wanazuoni wa tasawwuf, yaani usufi, elimu ya kusafisha moyo, walianza kuandika juu ya daraja za waja walio karibu na Mungu, mmoja wao ni al-Hakim al-Tirmidhi aliyeandika kitabu kizima juu ya mawalii, na kikamletea matatizo na watu wa mji wake. Huyu si yule Tirmidhi wa hadithi, msiwachanganye. Baada yake watu wakazidi kupanga vyeo, mara qutbu, mara abdali, na mwananchi wa kawaida akasikia vyeo akasahau sharti. Lakini walimu wenyewe hawakusahau. Imamu Qushayri, aliyefariki mwaka 465 Hijria, na huyu ni mtu wa tasawwuf hasa siyo mpinzani wake, anasema walii ana maana mbili na zote lazima ziwepo: ya kwanza ni yule ambaye Mwenyezi Mungu ameyashika mambo yake hakumwachia nafsi yake hata kidogo, na ya pili ni yule anayeishika ibada ya Mungu mfululizo bila maasi kuingia katikati. Mfululizo! Kisha akataja kuwa wanazuoni walikhitilafiana kama walii mwenyewe anaweza kujijua kuwa ni walii, Ibn Furak akasema haiwezekani kwa sababu akijua khofu itamtoka, na mwalimu wake Qushayri, Abu Ali ad-Daqqaq, akasema inawezekana. Yaani watu wa fani yenyewe wanabishana kama mwenyewe anajijua, halafu huku kwetu wafuasi wamejua, jirani amejua, dereva wa bodaboda anayepeleka wageni amejua, na bei ya kuonana naye inajulikana.

Hapa nifungue mabano kidogo kwa sababu najua kuna watu watalichukua jibu hili wakalipeleka kwenye vita vyao. Ndugu zetu wanaosema mambo ya mawalii na karama, yaani miujiza midogo anayopewa mja mwema asiye nabii, yote ni uzushi, tulieni, sijawa wenu. Karama ipo kwenye Qurani, Maryam hakuwa nabii kwa kauli ya wanazuoni walio wengi na alikutwa na riziki mihrabuni mpaka Zakariya akashangaa, na vijana wa pangoni walilala miaka zaidi ya mia tatu. Ibn Taymiyya, ambaye mnamtaja kila mkifungua mdomo, kwenye Aqida al-Wasitiyya ameandika kuwa kuziamini karama za mawalii ni katika misingi ya Ahlu Sunna. Na mwambao wetu huu umepata watu ambao tunawadhania kheri kubwa, Bagamoyo pale Shekhe Ramiya aliletwa mtumwa kutoka bara, Kongo, akasoma, akasomesha, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tariqa ya kisufi ya Qadiriyya mpaka alipofariki mwaka 1931, Habib Swaleh wa Lamu aliyefariki mwaka 1935 akaacha msikiti wa Riyadha na chuo ambacho mpaka leo watu wanasoma. Hao waliacha wanafunzi na waliacha swala zinazosimamishwa. Mimi mwenyewe ziara nakwenda na maulidi nasoma. Kwa hiyo ninayemkataa hapa si walii, nafunga mabano.

Turudi kwenye kinachokutisha, ile hadithi. Ni kweli ipo, ni sahihi, ameipokea Abu Hurayra na iko kwa Bukhari, na mtoto yeyote aliyesoma Arobaini Nawawi madrasa anaijua, ni ya 38. Mwanzo wake ni huo ulioambiwa, man aada lii waliyyan faqad aadhantuhu bil-harb, mwenye kumfanyia uadui walii wangu basi nimemtangazia vita. Wanaokusomea wanaishia hapo kwenye vita. Mwenyezi Mungu hakuishia hapo. Maneno yanayofuata palepale, bila pumziko, ni haya: na hajikurubishi kwangu mja wangu kwa kitu ninachokipenda zaidi kuliko yale niliyomfaradhishia. Halafu ndo inakuja: na haachi mja wangu kujikurubisha kwangu kwa sunna mpaka nikampenda. Baada ya hapo ndo yale makubwa, nikimpenda nakuwa masikio yake anayosikia nayo na macho yake anayoona nayo, na akiniomba nitampa.

Umeuona mpangilio? Faradhi kwanza, sunna baada yake, mapenzi ya Mungu baada yake, karama mwisho kabisa. Hadithi yenyewe inayokutishia ndiyo inayotoa sifa za anayelindwa na hadithi hiyo, na sifa ya kwanza kabisa ni faradhi, na katika faradhi baada ya shahada hakuna inayotangulia swala. Sasa mtu mzima, mwanaume, ana afya ya kukaa barazani na wageni toka asubuhi mpaka jioni, hana safari, Ijumaa inaadhiniwa anasikia hatoki, huyo hata mlango wa kwanza wa hadithi hii hajagonga. Ukimkataa kwa sababu ya kuacha faradhi hujamfanyia uadui walii. Umeichukia dhambi aliyoichukia Mungu.

Watasema lakini anaswali Makka. Jamani. Hebu tulichukue jambo hili taratibu kwa sababu nimelisikia zaidi ya sehemu moja hapa mjini na watu wazima wanalisema bila kucheka. Kwanza, saa ya Makka na saa ya Dar es Salaam ni moja, haipishani hata dakika, na jua la adhuhuri linapinduka kule na huku kwa tofauti ndogo sana kwa sababu miji hii imekaa karibu mstari mmoja kutoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo wakati khatibu wa Makka yuko kwenye mimbari, mzee yuko barazani Mbagala anapokea bahasha. Bora wangemtafutia msikiti wa Indonesia, kule angalau wangepishana muda.

Pili, na hili ndo la maana. Yupo aliyekwenda kweli. Mtume wetu (saw) alichukuliwa usiku mmoja kutoka Makka mpaka Baytul Maqdis na mpaka mbinguni, safari ambayo hakuna walii aliyeifika, na alirudi na nini? Alirudi na swala tano. Safari yenyewe ndiyo iliyoleta swala, leo mtu anadai safari ya roho kama udhuru wa kutoswali! Na huyohuyo Mtume katika maradhi yake ya mwisho, alipopata nafuu kidogo alitoka kwenda msikitini akiwa ameshikiliwa na watu wawili, miguu inaburuta ardhini. Kama kuna mwanadamu ambaye roho ingeweza kumtosha ni yeye. Hakusema roho yangu inaswali kwa niaba yangu, alibebwa akaenda.

Wenye kujua kidogo watakuja na aya, mwisho wa sura ya Hijri, muabudu Mola wako mpaka ikufikie yakini. Wanasema mzee ameshaifikia yakini kwa hiyo ibada ya viungo imemuondokea. Hii ni hoja kongwe na imeshajibiwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Yakini kwenye aya hii ni mauti, ambayo hayana shaka. Qurani inajitafsiri yenyewe, sura ya Muddaththir watu wa motoni wanasema tulikuwa tunaikadhibisha siku ya malipo mpaka ikatufikia yakini, je, hao nao walikuwa mawalii? Na kwenye Bukhari ipo habari ya sahaba Uthman bin Madh'un, alihamia Madina akapangiwa kukaa nyumbani kwa mama mmoja wa Kianswari, Ummul Alaa, akaugua kwake akafariki. Mtume akaingia, yule mama akasema rehema za Allah zikushukie ewe baba wa Saib, mimi nakutolea ushahidi kuwa Mwenyezi Mungu amekukirimu. Mtume akamuuliza, umejuaje kuwa Mwenyezi Mungu amemkirimu? Kisha akasema, yeye yakini imeshamjia, na namtarajia kheri, lakini wallahi mimi ni Mtume wa Mungu na sijui nitakavyofanywa. Yule mama akaapa hatamtakasa mtu tena baada ya hapo.

Soma habari hiyo mara mbili mama. Neno yakini ndani yake ni kifo. Na maiti mwenyewe ni sahaba, muhajiri, mtu wa ibada, na bado Mtume hakumwachia mwanamke yule atoe hati. Sasa hawa waliomtolea mzee wenu hati akiwa hai, na msikitini haonekani, wameipata wapi? Sura ya Najm imesema msijitakase nafsi zenu, Yeye anamjua zaidi mwenye taqwa.

Na hoja ya Khidhri, yule mja aliyefuatana na Nabii Musa kwenye sura ya Kahf, nayo huwa haikosekani, kwamba alitoboa jahazi akaua kijana na Musa hakuelewa, kwa hiyo na sisi tusihoji. Khidhri mwenyewe amesema sikufanya kwa amri yangu, yaani alikuwa na wahyi, ufunuo kutoka kwa Mungu, na wanazuoni wengi wamesema alikuwa nabii. Wahyi umefungwa kwa Muhammad (saw). Anayetoboa jahazi leo bandarini apelekwe polisi.

Nawaachia wafuasi wa mzee maneno ya watu wao wenyewe, maana mimi wataniita mkavu. Abu Yazid al-Bistami, na hakuna anayejiita mtu wa tariqa asiyemjua, alisema mkimuona mtu amepewa karama mpaka anakaa hewani msidanganyike naye mpaka mtazame yukoje kwenye amri na makatazo na mipaka ya sheria. Siku moja alikwenda kumtembelea mtu aliyesifika kwa uwalii, akakaa kumsubiri msikitini, yule mtu akatoka akatema mate upande wa kibla. Abu Yazid akaondoka, hata salamu hakumpa, akasema huyu hajaaminika kwenye adabu moja katika adabu za Mtume, ataaminikaje kwenye hayo anayodai. Kwa mate tu! Na Junayd wa Baghdad alipoambiwa kuna watu wanasema kuacha amali za dhahiri ni sehemu ya kumfikia Mungu, alisema mwizi na mzinifu wana hali nafuu kuliko msemaji wa maneno haya. Yeye mwenyewe alionekana mkononi ana tasbihi pamoja na cheo chake, akaulizwa bado tu? Akajibu, njia niliyofikia kwayo kwa Mola wangu siiachi.

Walii wa kweli kwa kawaida humjui. Uwais al-Qarani, ambaye Mtume alimtaja kwa masahaba na hakuwahi kumuona, sifa yake kubwa ilikuwa kumtendea wema mama yake, Sayyidna Umar akamtafuta mpaka akampata kwenye msafara wa watu wa Yemen, akamuomba amuombee maghfira, kisha akataka kumwandikia barua kwa gavana wa Kufa ili apokelewe vizuri. Akaikataa barua. Akasema kuwa miongoni mwa watu wanyonge ninapenda zaidi. Linganisha na baraza lenye foleni na namba ya simu ya kutumia pesa.

Sasa pesa. Sisemi kumpa mwalimu zawadi ni haramu, masheikh na sisi tunakula. Lakini sura ya Yasini mnayoisoma kila Alhamisi usiku ina mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji akasema wafuateni wasiokuombeni ujira nao wameongoka. Na ile nadhiri ya cherehani hukumu yake iko wazi kabisa. Nadhiri ni ibada, anawekewa Allah peke yake siyo mzee. Na hata ingekuwa ya Allah, Mtume (saw) amesema kwenye hadithi iliyoko kwa Muslim hakuna kutekeleza nadhiri katika maasi wala katika kitu ambacho mtu hakimiliki. Cherehani ni mali yako. Mumeo hakuimiliki, nadhiri haikufungika, kuiuza bila ridhaa yako ni dhulma, na thamani yake ni deni shingoni mwake mpaka akulipe au umsamehe kwa hiari ya moyo wako, siyo kwa kutishwa.

Kuhusu maneno kwamba mtoto anaanguka kwa sababu ya shaka yako, haya yameniudhi kuliko yote. Hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine, hiyo ni Qurani. Anayemwambia mama maneno hayo mtoto ana malengelenge mkononi anastahili kukemewa mbele ya watu.

Tena nikwambie kitu kuhusu kifafa ambacho huenda hukuambiwa. Ibn Abbas (ra) alimwambia mwanafunzi wake Ataa, nikuoneshe mwanamke katika watu wa peponi? Akamuonesha mwanamke mweusi. Mwanamke huyo alikwenda kwa Mtume akasema mimi nina kifafa na nikianguka nguo zinafunuka, niombee kwa Allah. Mtume akamwambia ukitaka subiri upate pepo, na ukitaka nitakuombea upone. Akasema nitasubiri, lakini niombee nisifunuke. Akamuombea. Iko kwa Bukhari na Muslim. Hakuambiwa ana laana, hakuambiwa ana jini la ukoo, hakuambiwa mama yake ana shaka. Kama mnatafuta mtu wa Mungu mwenye ushahidi, huyo hapo, na ana ugonjwa wa mwanao. Wala asije mtu akaniambia basi na mtoto asubiri bila dawa, yule alikuwa mtu mzima amechagua mwenyewe mbele ya Mtume kwa dhamana ya pepo, mtoto hana wa kumchagulia hilo, na Mtume huyohuyo amesema jitibuni enyi waja wa Allah. Kisomo msomee, Fatiha na Ayatul Kursiy na Muawwidhatayni, yaani Falaq na Naas, msomee wewe mama yake bila malipo, na dawa ameze. Havigombani.

Mumeo usimtukane wala usimuite mshirikina mbele ya watoto. Ni baba aliyeona mwanawe anaanguka akachanganyikiwa, mtu akamwahidi kupona, na aliyeuza cherehani ya mkewe anaona aibu kurudi nyuma hata kama moyo umeshamwambia. Tafuta mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au imamu wa msikiti wenu, akae naye pembeni. Aje na kwangu baada ya alasiri siku yoyote, aniletee hoja zao zote, sitamfedhehesha. Asiposikia na akaendelea kumzuia mtoto tiba, nenda ofisi ya kadhi na nenda ustawi wa jamii hapo wilayani, sheria ya mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumtibu mwanawe, na kwenda huko si kumvunjia mumeo heshima.

Ukifika kliniki sema ukweli kuwa mliacha dawa na tangu lini, usione haya, wanahitaji kujua ili wampangie dozi, na mkono ulioungua nao uoneshe. Jiko la mkaa liinue juu au lizungushie kitu asilifikie, na asipelekwe kuoga baharini wala asifungiwe bafuni peke yake. Akianguka mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, angalia saa, na ikizidi dakika tano mkimbize hospitali. Kadi yake ya kliniki itunze wewe mwenyewe.

Wallahu a'lam.